Huzuni Ina Eda Yake

Mhadhara uliosomwa barazani baada ya sala ya isha



Nimetakiwa na wenyeji wangu nizungumze juu ya maradhi ambayo matabibu wa siku hizi huyaita sonona, na nikanong'onezwa kwa adabu kwamba nisikawie mno, kwa kuwa jambo lenyewe ni la huzuni na watu wametoka makazini wamechoka. Nami sina budi kuanza kwa kuwapinga walionialika katika neno hilo moja, maana mhadhara wangu wote, ukiwa na faida yoyote, faida yake ni hii: kwamba jambo hili si la huzuni. Huzuni ni jirani yake. Nyumba zao zimeshirikiana ukuta, na mara nyingi mwenye kupiga hodi hukosea mlango. Lakini wakaao ndani si wamoja.

Lugha yetu haikunyimwa maneno ya moyo uliojeruhiwa. Tuna huzuni, tuna majonzi, tuna simanzi, tuna jitimai, tuna kihoro kimpatacho mtu aliyepotewa na alichokipenda, na tuna ghamu, ambayo wazee waliitumia na vijana wameisahau. Ukiyatazama maneno hayo utaona kwamba nyuma ya kila moja pana jambo lililotokea: mtu amekufa, chombo kimezama, posa imekataliwa. Ama kusonona, tangu zamani, ni kuumia kwa ndani, maumivu yasiyo na kelele. Na waliolichagua neno hilo kuwa jina la maradhi, kwa rai yangu, walichagua vyema, kuliko hao waandikao "unyogovu," neno ambalo sijapata kulisikia likitoka kinywani mwa mgonjwa. Mtaani husemwa tu kwamba fulani "ana mawazo." Lakini mwenye deni ana mawazo, na mwenye binti wa kuoza ana mawazo, na mwanafunzi angojaye matokeo ya mtihani ana mawazo; neno lililobeba watu wote hao haliwezi kumwonyesha tabibu yupi ndiye mgonjwa.

Mila zetu na sheria yetu zimeipa huzuni chombo cha kuikingia. Mtu akifa, watu hukusanyika, mikeka hutandikwa, jirani hupika kwa sababu aliyefiwa hawezi kupika, hitima husomwa, arobaini hufika, mjane huketi eda miezi minne na siku kumi, kisha hutoka, akaoga, akavaa nguo nyingine, akarudi miongoni mwa watu. Wala sisemi kwamba siku ya kutoka edani moyo nao hutoka. Nasema kwamba waliotutangulia walijua tabia ya huzuni: kwamba huja kwa mawimbi kama bahari yenyewe, ikapanda na kushuka, na kila ikishuka humwachia mtu pwani kidogo ya kusimama. Aliyefiwa hulia asubuhi. Adhuhuri mtoto akasema neno la kipuuzi naye akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka kwake. Kicheko kile kilichomponyoka ndicho ithibati ya uzima wake. Fauka ya hayo, aliyefiwa huona kwamba dunia imepungua, lakini nafsi yake haijamwambia kwamba yeye ndiye takataka ya dunia.

Sasa niruhusuni niwape mfano wa karibu, ambao nina idhini ya kuutoa, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kutangulia mbele ya haki kwa maradhi ya uzee na wanawe wameniambia nisiufiche.

Ami yangu, kule Lamu, alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile ambazo kofia moja humchukua fundi miezi. Mkewe alifariki, akamlilia kama alivyostahiki kuliliwa, akamfanyia hitima, na baada ya muda akarudi barazani na sindano yake, akawa akituhadithia mambo ya marehemu kwa machozi na kicheko pamoja. Ikapita miaka miwili. Kisha, katika msimu wa kusi, pasipo msiba mpya wala hasara wala ugomvi na mtu, akaanza kupungua.

Dalili ya kwanza tuliifurahia, na hilo hunisikitisha hata leo. Mzee alikuwa akiamka saa tisa za usiku, kabla muadhini hajaamka, nasi tukaambiana kwamba amezidi ucha Mungu. Hatukujua kwamba hakuwa akiamka kwa kutaka: usingizi ulimkatika saa ile ile kila usiku, akabaki amekodolea macho boriti za dari, na saa zile hadi jua kupanda zilikuwa ndizo mbaya kupita zote, ilhali magharibi ikikaribia alipata nafuu kidogo, hata wageni wa jioni wakaondoka wakisema hawakuona ubaya wowote. Kofia aliyokuwa akiishona ilikaa juu ya mto, sindano imechomekwa pale pale alipoishia, na uzi ukaanza kugeuka rangi ya chai kwa vumbi. Hakukataa kuishona. Alikuwa akiichukua, akiiweka gotini, akiitazama kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha kahawa, kisha akiirudisha juu ya mto. Nikamwuliza siku moja kwa nini hashoni. Alikawia kujibu, kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kirefu, kisha akasema: "Mwanangu, pa kupitisha sindano napajua. Wa kuipitisha ndiye hayupo."

Alipoletewa habari ya kuzaliwa mjukuu, aliyekuwa akimngoja kwa hamu, akasema alhamdulillahi kwa ulimi mkavu. Baadaye akaniambia alijua kwamba hiyo ni furaha kama ajuavyo kwamba leo ni Jumanne. Samaki akamwonea ladha ya karatasi. Nguo zikampwaya. Na mwisho likaja lililotutisha: akakumbuka kwamba miaka thelathini nyuma alimpunja mteja mmoja senti chache, akayakinisha kwamba ni kwa dhambi hiyo mkewe alikufa, na hapakuwa na shekhe wala rafiki aliyeweza kumtoa katika hukumu hiyo aliyojihukumu mwenyewe. Hakulia hata mara moja. Wako wenye sonona wanaolia mchana kutwa, lakini yeye alikauka, nasi tuliokuwa tumefunzwa kuitambua huzuni kwa machozi tukapotea njia.

Tulifanya nini? Wengine wakasema ni uvivu wa uzee, wengine hasadi ya mafundi wenziwe. Akanyweshwa kombe. Akapelekwa zahanati, ambayo sitaitaja, akalalamikia kichwa na kifua na kukosa nguvu mwilini, akapewa dawa ya malaria. Akarudi, akapewa tena. Akarudi mara ya tatu, na mara ya tatu akapewa ile ile. Wala simlaumu sana mganga wa zahanati, kwa kuwa wagonjwa wa sonona katika pwani hii, na katika bara lote hili, aghalabu huuleta mwili mbele na kuiacha nafsi nyuma ya mlango: hakuna asemaye "nafsi yangu inaumwa", husema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Lakini kila aliyemzungumzia alisema neno moja lililofunga mjadala: "Bado anamlilia mkewe." Huzuni ilikuwa imekwisha kutoka edani zamani; tuliirudisha kwa nguvu ili itupe sababu ya jambo tusilolijua.

Kupambanua baina ya hali hizi mbili si bidaa ya Wazungu. Aliishi mtu katika nchi za Balkh, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, akatunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na humo akagawa huzuni mafungu mawili. La kwanza ni la mtu ajuaye kilichomhuzunisha, kama kufiwa au kupotewa na mali, na dawa yake ni nasaha, fikra njema na maneno ya wenzake. La pili ni la mtu aliyekaliwa na ghamu isiyojulikana sababu, ikamzuilia shughuli zake na ladha ya vitu vyote. Hilo, alisema, asili yake ni mwilini, katika damu, na kwa hivyo pamoja na maneno mema mgonjwa atibiwe mwili wake. Hesabu yake ya damu tumekwisha kuiacha. Lakini kwamba zipo huzuni za kuzungumzwa na zipo za kutibiwa, jambo hilo liliandikwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka elfu iliyopita, na anayekwambia leo kwamba sonona ni maradhi ya kigeni yaliyoletwa na televisheni, mpe habari za mtu wa Balkh.

Hata hivyo sipendi niwaache na mgawanyo wa al-Balkhi kana kwamba ndio kauli ya mwisho, kwa sababu hapa ndipo watu wengi, na si wajinga, hujikwaa. Sisi tukimwona mtu ameinama, swali letu la kwanza ni: amepatwa na nini? Tukiona sababu, tunasema ni haki yake, tumwache. Tusipoiona, tunasema anajidekeza. Kumbe swali lenyewe ndilo bovu. Mwanamke aliyejifungua salama mtoto mzuri, na nyumba nzima inashangilia, anaweza kupatwa na sonona bila ya sababu ionekanayo. Na mwanamke aliyefiwa na mume, aliye na sababu ionwayo na mji mzima, anaweza naye kupatwa na sonona ile ile, ikaingia nyumbani kwa mlango ulioachwa wazi na msiba. Wamarekani wenyewe katika kitabu chao cha kupambanulia maradhi ya nafsi walikuwa wameagiza kwamba aliyefiwa karibuni asihesabiwe kuwa na sonona. Mwaka 2013 wakaliondoa agizo hilo, na wako wataalamu walioghadhibika, wakahofu kwamba majonzi ya halali yatageuzwa ugonjwa na kuuziwa vidonge. Hofu hiyo naielewa. Lakini nikiwekwa baina ya makosa mawili, nitachagua kumwangalia mjane kwa makini kuliko kumwambia asubiri kwa kuwa ana sababu. Mguu uliovunjika kwa kuanguka mnazini haukosi kuwa umevunjika kwa kuwa mnazi unajulikana.

Kwa hivyo mizani ya matabibu haiulizi sababu, huuliza hali. Huuliza kama kwa muda usiopungua majuma mawili, karibu kila siku na karibu kutwa nzima, mtu amekaliwa na kiza moyoni, au ameondokewa na raha katika yote aliyokuwa akiyapenda. Lazima moja katika hayo mawili liwepo. Kisha hutazama usingizi uliopungua au uliozidi, chakula na uzito, uchovu, mwili uliopunguza mwendo au usioweza kutulia, akili isiyoshika jambo wala kukata shauri, kujiona si kitu au kujibebesha hatia isiyo yake, na fikra za mauti. Dalili tano zikikutana na kumwangusha mtu katika kazi na maisha yake, hilo ni jambo la tabibu. Linganisheni na ami yangu, mtaona kwamba alikwisha kupita tano kitambo.

Niseme na kadhia ya Mathari, maana pana watu hata leo wanaoamini kwamba Mwafrika hapatwi na sonona. Daktari Mwingereza, J. C. Carothers, aliyeiangalia hospitali ya wenye wazimu ya Mathari, Nairobi, kwa zaidi ya miaka kumi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akadai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika, na kuyatia madai hayo katika dhana zake za dharau juu ya akili zetu na udhaifu wetu wa kubeba dhima. Hakujiuliza ni nani aletwaye Mathari. Aliyeletwa ni yule aliyevunja milango, akapiga kelele sokoni, akamshika mtu shingo; ama yule aliyeketi kimya kwenye kona ya nyumba na kofia gotini hakuwa akimsumbua mtu, na serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumfungia. Mnamo mwaka 1960 Margaret Field akachapisha aliyoyaona Ghana: huko Ashanti, kwenye vijumba vya mizimu, walifika wanawake waliokuja kujishitaki wenyewe kwamba ni wachawi, kwamba wameua watoto wao, kwamba hawafai kuishi. Field, aliyekuwa amesomea maradhi ya nafsi, akaitambua sonona. Na mimi niliposoma habari hizo nilimwona ami yangu na senti zake za miaka thelathini.

Waganda nao hawakungoja kufunzwa. Watafiti waliokwenda vijiji vya Masaka na Rakai, vilivyokuwa vimekumbwa na ukimwi, waliwauliza wenyeji matatizo yao kwa lugha yao, wakatajiwa maradhi mawili ya moyo, moja liitwalo okwekyawa, yaani kujichukia, na jingine la kujisikitikia. Wakaona kwamba dalili za maradhi hayo zaafikiana mno na za sonona. Basi mwaka 2002, katika vijiji 30, wagonjwa wa baadhi ya vijiji wakakusanywa vikundi vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, mara moja kwa juma kwa majuma 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa kwa majuma mawili tu, wazungumze misiba yao, ugomvi wao, na mageuko yaliyowafika. Mwisho wake, katika waliokaa vikundini waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5; katika wale wasiokaa, asilimia 54.7. Huko Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza mabibi wazee kuketi na wagonjwa juu ya mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Nikisoma habari zake huwa naona kijicho kidogo: sisi mabaraza ya mawe tunayo mbele ya kila nyumba, tumeyarithi, na tumeyafanya mahali pa kuwasengenya hao hao wagonjwa.

Ama vidonge, asili yake ni bahati. Mnamo mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya ya mapafu iitwayo iproniazidi, na baadhi yao wakachangamka kupita walivyostahiki. Na mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza kwamba imipramini, aliyokuwa akiijaribu kwa maradhi mengine, inawainua wenye sonona. Dawa za leo ni watoto na wajukuu wa hizo, na baadhi yake ni za bei nafuu. Yapo mambo matatu juu yake ambayo natamani kila nyumba iyajue. Kwanza, madhara madogo, kama kinywa kukauka au tumbo kuchafuka, huja siku za kwanza, na nafuu haiji ila baada ya majuma mawili, manne, hata sita. Kwa hiyo wengi huitupa dawa katika juma ambalo wameonja uchungu wake tu. Pili, aliyepona asiiache siku aliyopona, bali aendelee kwa miezi isiyopungua sita, kisha aipunguze kwa shauri la daktari. Tatu, mwambieni daktari kama mgonjwa aliwahi kuwa na nyakati za furaha iliyopindukia, halali wala hachoki, anatapanya mali, kwa sababu huyo ana maradhi ya namna nyingine na dawa hizi peke yake zaweza kumdhuru. Na daktari mwema hatosahau kupima damu na tezi ya shingoni, kwani upungufu wa damu na ulegevu wa tezi hujigeuza sura ya sonona.

Juu ya dini sitasema mengi mbele ya walionishinda kwa elimu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimwomba Mola amkinge na hamu, yaani dhiki ya moyo, na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akaambatanisha kushindwa na uvivu. Nami sijaona mahali alipomtukana mwenye kupatwa na hayo. Ami yangu alisali kila kipindi, akaniambia kwamba anasali kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa mwingine. Aliyemwambia kwamba imani yake ni dhaifu alimwongezea hatia moja juu ya zile alizokwisha kujibebesha, na mgonjwa wa sonona hana haja ya kuongezewa.

Limebaki neno zito. Baadhi ya wagonjwa hawa hufikia kutamani mauti, na baadhi yao hujitoa roho. Watu huogopa kumwuliza mgonjwa wakidhani watampa wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Mwulizeni waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama mnavyouliza habari ya homa: je, umefika mahali pa kuona heri ufe? Mkijibiwa ndiyo, msimwache peke yake usiku ule, ondoeni nyumbani kila cha hatari, na kukipambazuka muwe njiani kwenda hospitali pamoja naye. Msimtume, nendeni naye, kwa kuwa wa kumpeleka ndiye asiyekuwapo. Katika Kenya, aliyejaribu kujiua akaponea chupuchupu alikuwa akishitakiwa kwa kosa la jinai, na jamaa wakaficha wagonjwa wao kwa kuhofu askari. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hiyo yakhalifu katiba.

Ami yangu alitibiwa, kwa vidonge na kwa mazungumzo. Juma la tano aliomba pilipili katika mchuzi. Kofia aliimalizia baada ya Ramadhani.

Nimekwisha. Najua wapo humu wenye swali wasilopenda kuliuliza mbele ya watu, ama kwa ajili yao wenyewe, ama kwa ajili ya mtu aliyelala nyumbani saa hizi na uso ukutani. Mimi nitaketi hapa barazani hadi saa nne na nusu. Na kwa upande wa kina mama yupo bibi muuguzi, ambaye kesho saa mbili asubuhi atakuwa tayari kufuatana hospitali na yeyote atakayemhitaji.